Kurwa na Doto, Kila Mmoja na Godoro Lake

Mama aliyejifungua mapacha huanza kupewa ushauri kabla pongezi hazijaisha. Wa kwanza, unaorudiwa na karibu kila anayeingia chumbani kumwona mzazi, ni kwamba watoto wasitenganishwe. “Mwanangu, hawa wamekaa pamoja miezi yote hiyo. Ukiwalaza mbalimbali watatafutana,” bibi atasema, huku akiwasogeza wakabiliane pua kwa pua na kuwafunika kanga moja. Shangazi ataongeza kwamba pacha akiwekwa peke yake hunyong'onyea. Jirani ataleta mto mdogo wa kuwaegemeza. Wote hao wanawapenda watoto, na wengi wao wamelea kuliko mimi. Lakini katika suala la mahali pa kulala wanakosea, na kwa kuwa kosa lenyewe linagusa pumzi ya kichanga, heshima haitoshi kuwa sababu ya kunyamaza.

Msimamo wangu ni huu. Kila pacha alale peke yake, chali, juu ya godoro bapa na gumu lisilo na mto wala nguo zilizolegea, ndani ya chumba anacholala mama yake na chini ya chandarua. Ukaribu wanauhitaji, tena sana, na upo namna ya kuwapa bila kuwabananisha usingizini.

Nianze na hoja ya tumboni, maana nyingine zote zimeota hapo. Mtoto aliye tumboni havuti hewa. Oksijeni inamfikia kwa damu, kutoka kwenye kondo la nyuma kupitia kiungamwana, na mapafu yake yamejaa majimaji. Ndugu yake anaweza kumwekea mguu usoni wiki nzima asidhurike, kwa sababu pua na mdomo bado havijaanza kazi. Akishazaliwa, dakika chache tu zinatosha kubadili mambo yote: sasa anaishi kwa hewa inayopita kwenye matundu mawili madogo ya pua, na shingo yake haina nguvu ya kuyaondoa mahali yanapozibwa. Kilichokuwa salama mwezi uliopita si salama tena, hata kama watoto ni walewale.

Isitoshe, hata huko tumboni hawakukaa chumba kimoja kama tunavyodhani. Mapacha wasiofanana, ambao ndio wengi, kila mmoja huwa na chupa yake na kondo lake. Wa kufanana mara nyingi hushiriki kondo moja, lakini hata wao kwa kawaida kila mmoja yumo ndani ya chupa yake, utando umewatenga. Wanaokaa kweli chupa moja ni wachache sana, karibu 1 katika kila jozi 100 za mapacha wa kufanana. Na mimba hizo ndizo zinazowanyima madaktari usingizi. Viungamwana vya watoto hao husokotana, damu ikakatika, na mmoja au wote wawili wakafa. Ndiyo maana mjamzito wa aina hiyo hufuatiliwa kwa karibu mno, na kwa kawaida huzalishwa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na ya 34, watoto wakiwa bado njiti, kwa kuwa kuwaacha pamoja humo ndani ni hatari zaidi kuliko kuwatoa mapema. Anayetaka maumbile yawe shahidi wake katika jambo hili ajue kwamba maumbile yenyewe yamewajengea mapacha wengi ukuta kati yao.

Imani hii ilikuwapo zamani, lakini siku hizi simu imeipa picha. Wengi wameiona: vichanga wawili wamelala, mmoja amemzungushia mwenzake mkono, na maelezo chini yake yanasema mdogo alikuwa anakufa mpaka dada yake alipomkumbatia. Picha ni ya kweli. Mapacha hao wa kike walizaliwa Oktoba 1995 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, wiki 12 kabla ya wakati wao. Kila mmoja alikuwa kwenye mashine yake ya joto, kama ulivyokuwa utaratibu wa hospitali. Siku moja yule mdogo alibadilika rangi, oksijeni katika damu yake ikashuka, na kila alichojaribu nesi Gayle Kasparian hakikumtuliza. Akaomba ruhusa ya wazazi, akamlaza kando ya dada yake, na hali ya mtoto ikaanza kurejea. Mpiga picha Chris Christo wa gazeti la mji huo alipiga picha iliyozunguka dunia.

Sina neno la kumlaumu nesi huyo. Alikuwa amesimama pale, macho kwa mtoto, mwili wa kichanga umebandikwa waya za kuhesabu mapigo ya moyo na kupima oksijeni, na kengele ingelia pumzi ikisita. Alichokifanya kilikuwa jaribio la mchana, chini ya ulinzi wa kila sekunde. Sisi tunakichukua na kukipeleka kwenye kitanda cha saa tisa usiku, taa imezimwa, mama hajalala vizuri tangu juzi. Baada ya kisa hicho hospitali kadhaa zilianza kuwalaza mapacha njiti pamoja, watafiti wakafanya majaribio ili kujua kama kuna faida. Mwaka 2012, na tena mwaka 2016, wapitiaji wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio hayo yote, wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza utaratibu huo. Na majaribio hayo yalifanyika wodini, kwa watoto ambao hali yao ilikuwa imetulia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekwenda mbele zaidi: mwongozo wake wa mwaka 2022 unataka mapacha walazwe kila mmoja mahali pake, hospitalini na nyumbani.

Msomaji anayefuatilia mambo haya atanikatiza hapa, na atakuwa na haki. Atasema: Waingereza hawakubaliani na Wamarekani. Ni kweli. Helen Ball, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Durham, aliwachunguza mapacha wachanga wakiwa usingizini, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 2007 hakuona kwamba wanaolala kitanda kimoja katika miezi ya mwanzo wanazidiwa na joto; tena usingizi wao ulielekea kwenda sambamba, jambo linalompa mama nafasi ya kupumzika. Shirika la Lullaby Trust la Uingereza nalo linaruhusu mapacha walale kitanda kimoja wakiwa bado wadogo. Hoja hii ni nzito kuliko zote zilizo upande wa pili, na sitaki kuipita kimyakimya.

Lakini tuangalie kinachoruhusiwa ni nini hasa. Ni kitanda cha mtoto chenye kingo, cha ukubwa wa kawaida, godoro gumu lililokaa sawasawa. Kila mtoto yuko chali. Miguu yao imegusa ukingo wa kitanda ili wasiteleze chini ya blanketi, ama wamelazwa mmoja huku na mwingine kule, miguu ya kila mmoja kwenye ncha yake. Hakuna mto, hakuna taulo iliyoviringishwa kuwatenganisha. Ndani ya kikapu kidogo hairuhusiwi kabisa kuwaweka pamoja. Na mmoja akianza tu kujigeuza, ruhusa imekwisha.

Sasa tuangalie kitanda ambacho bibi anakisema. Ni kitanda cha wazazi, futi 5 kwa 6, godoro la sponji lililobonyea katikati kwa miaka ya kulaliwa. Watoto wamewekwa kwenye lile bonde, nao huporomoka kuelekeana hata ukiwatenga. Kushoto kuna mto, kulia kuna mto, wasianguke. Juu yao kuna kanga mbili na blanketi lile zito la zawadi. Mama yuko upande mmoja, baba upande wa pili, na mara nyingine mtoto wa miaka mitatu aliyekataa kwenda kulala kwa dada yake yuko miguuni. Utafiti wa Durham hauna la kusema kuhusu kitanda hicho, na Mwingereza aliyeruhusu kile cha kwanza angekikataza hiki cha pili bila kusita. Ndiyo maana nasema tofauti ya Marekani na Uingereza isitufanye tujione tuna mwanya. Kwa vitanda tulivyonavyo, nchi zote mbili zingetupa jibu moja.

Nini hasa kinatokea wakilala wamebanana? Mtu aliyekaa na mapacha wa wiki tatu amekiona. Shavu la mmoja likigusa chochote chenye joto, hugeuza kichwa na kufungua mdomo akitafuta titi. Kilicho karibu si titi, ni bega la mwenzake, naye hulifyonza, pua imekandamizwa kwenye ngozi. Mara nyingine mkono wa ndugu huangukia usoni pake na kukaa hapo. Mtu mzima angeusukuma. Kichanga hana uwezo huo. Anachoweza ni kuamka na kulia, na wapo watoto ambao mwili wao hauwaamshi kwa wakati. Wakikabiliana pua kwa pua chini ya nguo moja, kila mmoja anavuta hewa aliyoitoa mwenzake, yenye kabonidioksidi nyingi na oksijeni pungufu. Hakuna sauti ya kukoroma wala kupapatika. Kwa sababu hiyo mama aliyelala sentimita 30 tu kutoka hapo anaweza asisikie lolote.

Na mapacha ndio wenye akiba ndogo kuliko wote. Zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki ya 37, na wengi huwa chini ya kilo 2.5. Takwimu za nchi zinazohesabu vifo vya ghafla vya watoto usingizini zinaonyesha mapacha hufariki kwa namna hiyo karibu mara mbili ya watoto waliozaliwa peke yao. Ukiwalinganisha na wenzao wa uzito uleule, tofauti hiyo karibu inatoweka. Basi upacha wenyewe hauna kasoro. Kinachowaweka hatarini ni kuwahi kuzaliwa na wepesi wa mwili. Wasiwasi mkubwa ni wa miezi minne ya mwanzo, ambayo ndiyo miezi tunayosisitiza wabanane.

Ushauri wa pili unaotembea na huo wa kwanza ni kwamba wasilazwe chali, watapaliwa na maziwa. Hofu hii naielewa vizuri. Mapacha, hasa njiti, hucheua sana, na kumwona kichanga akicheua akiwa chali kunatia baridi moyoni. Ila mpangilio wa koo unasema kinyume cha tunavyodhani. Bomba la hewa liko mbele, umio uko nyuma yake. Mtoto akiwa chali, bomba la hewa linakuwa juu na umio chini, kwa hiyo maziwa yanayorudi yanalazimika kupanda ili kuingia kwenye hewa. Kwa uzito wake yenyewe yanabaki chini, mtoto akayameza tena au yakatoka mdomoni. Mgeuze kifudifudi, na sasa umio uko juu ya bomba la hewa. Yanayorudi yanaweza kudondokea pale pale tunapoogopa.

Bibi anayesema hivyo asichekwe, kwa sababu aliwahi kuwa na madaktari wakubwa upande wake. Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilitoka mwaka 1946 na kuuzwa mamilioni ya nakala, aliwashauri wazazi katika matoleo ya miaka ya 1950 wawalaze watoto kifudifudi, kwa hofu ileile ya kupaliwa. Hospitali zikafuata, wazazi wa Ulaya, Australia na New Zealand wakafuata, na watoto wakaendelea kukutwa wamekufa asubuhi bila sababu iliyoonekana. Mwaka 1991 Uingereza ilianza kampeni ya kuwageuza watoto walale chali. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa ushauri huo mwaka 1992, na kampeni ya taifa ikafuata mwaka 1994. Katika miaka kama kumi, vifo hivyo vya ghafla nchini Marekani vilipungua kwa karibu nusu au zaidi, na vifo vya kupaliwa havikuongezeka. Sijui hatua nyingine ya malezi iliyookoa watoto wengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo: kumgeuza tu mtoto akiwa kitandani.

Kulaza ubavu, ambako wengi wetu tunakuona kama njia ya kati, hakufai. Mtoto wa ubavu yuko hatua moja tu kutoka kifudifudi, na mto uliowekwa nyuma yake kumzuia ndio unaomsukuma. Mchana wakiwa macho na wewe upo, walaze kifudifudi dakika chache chache ili shingo ikaze na kichwa kisibonyee upande mmoja. Wakianza kusinzia, wageuze.

Inabaki hoja ya baridi, ambayo kwa watu wa Makete, Njombe, Mbeya au milima ya Lushoto haina utani. Kichanga wa kilo 2 hupoteza joto haraka, na wanaosema mapacha wapashane joto wanazungumzia hitaji la kweli. Jibu lake linapatikana kwenye kifua cha mtu mzima. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, Colombia, akiwa na wodi iliyofurika na mashine za joto zisizotosha, alianza kuwafungia watoto njiti kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, wima, kama kangaruu. Utaratibu huo sasa upo hadi kwenye hospitali zetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa asilimia 25 pungufu katika siku 28 za mwanzo, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza hali yao itulie. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza watoto wa uzito mdogo wabebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku.

Hapa ndipo ukaribu wa kweli ulipo, na hapa ndipo bibi na shangazi wanapohitajika kuliko popote. Mapacha wanaweza kubebwa wote wawili kwa pamoja, kila mmoja upande wake wa kifua, miguu imekunjwa kama chura, uso umegeuzwa pembeni na pua iko wazi. Lakini mama mmoja hawezi kubeba wawili usiku na mchana. Baba avue shati amchukue Doto. Bibi akae kwenye kiti cha kuegemea amchukue Kurwa. Anayebeba awe macho, au kama ni mama anayefuata utaratibu wa wodi, alale ameinuka nusu kuketi, mtoto amefungwa vizuri na kitenge. Usingizi ukimzidi mtu asiyefungwa mtoto hivyo, ampokeze mwingine au amrudishe mtoto kwenye godoro lake. Joto la mtu mzima linajirekebisha kwa mahitaji ya mtoto. Mwili wa pacha mwenzake wa kilo 2 hauwezi, kwa sababu yeye mwenyewe anatafuta joto.

Na jiko la mkaa lisiingie chumbani. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na inaua familia nzima kabla ya kumfikiria mtoto. Mvalishe kila mmoja nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, mguse kifua au shingo badala ya vidole kujua kama ana joto, na kwa mtoto aliyetimiza wakati wake, kofia ivuliwe ndani ya nyumba anapolala.

Nakuja kwenye pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi na ninaloliheshimu zaidi: hatuna nafasi wala pesa. Chumba cha kupanga Mbagala au Tandale ni kitanda, kabati la vyombo, ndoo za maji na njia ya kupitia. Vitanda viwili vya watoto vitakaa wapi? Ni swali la haki, na anayejibu kwa kuonyesha picha za vyumba vya watoto vya Ulaya anapoteza muda wa mama.

Kitu kinachotakiwa si kitanda cha dukani. Ni sehemu bapa, ngumu, yenye kingo fupi. Wafini walitumia boksi. Tangu mwaka 1938 serikali ya Finland iliwapa akina mama maskini boksi la karatasi ngumu lenye nguo za mtoto na godoro dogo chini yake, na mwaka 1949 ikawapa wajawazito wote kwa sharti la kuhudhuria kliniki mapema. Vizazi vya Wafini vimelala ndani ya maboksi hayo. Sidai kwamba boksi ndilo lililopunguza vifo vya watoto huko. Kliniki iliyokuja pamoja nalo ilifanya kazi kubwa zaidi. Ninachokitoa hapo ni kwamba kulala kwenye boksi hakukuwa aibu kwa taifa zima.

Mfano unaotufaa zaidi unatoka New Zealand. Wamaori nao hulala na watoto wao kitandani, na vifo vya ghafla vilikuwa vikiwapiga kuliko Wazungu wa nchi hiyo. Badala ya kuwakemea, daktari David Tipene-Leach na wafumaji wa Kimaori walifufua kikapu bapa cha majani, kiitwacho wahakura, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yuko karibu na mama, mkono unamfikia, ila ana godoro lake na kingo zake. Familia zilizopewa wahakura katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 hazikuonyesha hatari zaidi kuliko zilizopewa vitanda vidogo, na akina mama wake wengi zaidi walikuwa bado wananyonyesha kikamilifu mtoto alipofika miezi sita. Nchi yenye ukindu na miyaa kama yetu, na mikono inayosuka majamvi na makapu kila siku, inaweza kabisa kusuka kitu cha namna hiyo: chini kigumu, kingo fupi zinazopitisha hewa, na ndani godoro jembamba la sponji ngumu ambalo fundi magodoro amelikata likae bila kuacha nafasi pembeni.

Ukitumia maboksi, tafuta mawili yaliyo imara, chini yawe makavu na tambarare, kingo zikatwe zisimzidi mtoto sana, yawekwe sakafuni juu ya mkeka, kando kwa kando, chandarua chenye dawa kishuke hadi kiingie chini ya mkeka. Meza na ukingo wa kitanda havifai, boksi huanguka. Mwenye uwezo wa kumwagiza seremala, awe wa Keko au wa mtaani kwake, amwambie mambo mawili: nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, na godoro lijae kitandani pasipite vidole viwili pembeni. Kama chumba kina kitanda kimoja tu, na vikapu viwili vinakaa juu yake, basi anayehama ni baba. Alale mkekani hadi watoto wakue. Mtoto mkubwa naye ahame.

Tahadhari moja kuhusu mitumba. Vile viti vya watoto vinavyobembea na vitanda vilivyoinama, vinavyoonekana kama jibu la mapacha wanaocheua, visitumike kwa usingizi. Mtoto aliyelazwa kwenye mteremko, kidevu chake hushuka kifuani na njia ya hewa hujikunja. Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price ilirudisha vitanda vyake vya Rock 'n Play karibu milioni 4.7 baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30, na mwaka 2022 Marekani ilipiga marufuku kwa sheria vitanda vya mteremko pamoja na mito ya kuzungushia kingo. Bidhaa iliyokatazwa huko haikosi njia ya kufika kwenye magunia ya mitumba huku.

Limebaki jambo la kunyonyesha usiku, na hapa sitaki kumdanganya mama. Anayenyonyesha wawili huamka mara nyingi kiasi kwamba atasinzia tu, apende asipende. Akijua hivyo, achague mahali pa kusinzia. Kochi ndilo baya kuliko yote. Mtoto huteleza katikati ya mama na mgongo wa kochi, na hatari yake huzidi ile ya kitandani kwa mbali. Ni afadhali anyonyeshee kitandani, mito na blanketi zikiwa zimeondolewa, mtoto mmoja mmoja, na kuwe na mtu wa kumpokea aliyeshiba na kumrudisha kwenye godoro lake. Akishtuka akakuta amelala naye, amrudishe hapo hapo, bila kujilaumu. Ikiwa mama au baba amekunywa pombe, anavuta sigara au ametumia dawa za usingizi, au watoto ni njiti, basi kulala nao kitanda kimoja hata kidogo kuepukwe kabisa.

Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini mzazi huulizwa kuhusu chanjo, kitovu, kunyonyesha na siku ya kurudi kliniki. Kwa mapacha liongezwe swali moja: watalala wapi usiku wa leo? Liulizwe wakati bibi na baba wapo, kwa sababu mama aliyechoka, siku ya pili ya arobaini yake, hawezi kubishana na ukoo mzima peke yake. Nesi akimweleza bibi habari ya chupa mbili, bomba la hewa na umio, kwa heshima na kwa lugha anayoielewa, bibi huyo huyo ndiye atakayewazuia wageni wasilete mto.